Tantine, nilipe masomo ya sheria ya batoto ku intaneti?

SWALI
Jambo yako Tantine. Niko kijana wa Katuba, huku Lubumbashi, nilipata diploma ya Eta ya kumaliza sekondari. Kila mara naona batoto ba mu barabara banakamatwa banatupwa mu kasho pamoja na bakubwa, inaniuma sana, nataka nifanye kazi ya kubasaidia. Ku telefone nimeona iniversite moja ya Marekani inafundisha sheria ya batoto ku intaneti lakini falanga banaomba ni mingi. Nilipe?
M., Katuba

JIBU
Mutoto yangu, ile kasho unasema sheria inaikataza kabisa. Mukataba ya haki za mutoto ya 1989, Kongo iliikubali 1990, inasema kufunga mutoto iwe njia ya mwisho, kwa muda mufupi, na asichanganywe na bakubwa. Kwa hiyo roho yako iko pahali pake.

Lakini usilipe kwanza. Kule batakufundisha namna tribinali ya kwanza ya batoto ilianzia Chicago 1899, na namna korti kubwa yao ilisema 1967 mutoto naye ana haki ya avoka, ni mambo ya maana sana, sikatai, ila mengine ni sheria za majimbo yao na huku juji hatazifungua. Juji wa Lubumbashi anafungua sheria ya Kongo ya kulinda batoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009. Isome yote, iko ku intaneti bure kwa Kifaransa. Utaona mutoto mwenye hajafikisha miaka 14 juji anamuachilia, anamukabizi kwa asistanti sosiali ao saikolojiste, na wa 14 mpaka kabla ya 18 anapita ku tribinali ya batoto, haiko ile ya bakubwa.

Na pale njo kazi yako iko, ku ankete sosiali. Asistanti sosiali anafika mu parseli, anaongea na mama, na jirani, na mwalimu, anauliza mutoto analala wapi na nani anamupa chakula, kisha anaandika, na ile karatasi njo inasaidia juji kuchagua kama mutoto arudi nyumbani ao apelekwe kwingine. Kukaa na mama mwenye anaogopa mpaka aseme ukweli, ile hauwezi kuisomea ku ekrani peke yake, mimi naona njo nusu ya kazi yote.

Basi anza na masomo ya bure ya UNICEF, banaita Agora, kuko ya Kifaransa pia. Kama uko na nguvu ya miaka mingi, UNILU, iniversite ya Lubumbashi, iko na sheria na iko na saikolojia. Wakati ule ule uliza ku Affaires sociales, ofisi ya serikali ya mambo ya jamii, ao kwa Basaleziani ba Bakanja, benye banapokea batoto ba mu barabara, kama banaweza kukupokea ku staji.

Na ile iniversite, kama ingali inakuvuta, uliza kwanza kama diploma yake inakubaliwa huku Kongo, bakupe jibu kwa maandishi mbele utoe hata falanga moja.