Maswali ya Wasomaji: Waendelezaji wa Majengo wa Marekani na Fedha Zao

Swali: Ndugu mhariri, William Zeckendorf wa New York alisifika kwa kile kilichoitwa mbinu ya Hawaii, kisha akafilisika. Mbinu hiyo ilikuwaje?

Jibu: Alikuwa akilikata jengo moja vipande, kila mnunuzi akauziwa kile anachokitaka. Chukua hesabu hii ya mfano. Jengo linaingiza dola 1,000,000 kwa mwaka baada ya gharama zote. Mnunuzi anayetaka faida ya asilimia 10 atalitolea dola 10,000,000. Sasa tenganisha kiwanja na jengo. Kiwanja kinapangishwa kwa mkataba wa miaka mingi kwa dola 250,000 kwa mwaka, na kodi hiyo hulipwa kabla mtu mwingine hajagusa senti. Kwa usalama huo, kampuni ya bima huridhika na asilimia 5, hivyo inatoa dola 5,000,000 kukinunua kiwanja. Zimebaki 750,000 za mwenye haki ya upangaji, yaani anayepanga kiwanja na kuliendesha jengo, na kwa asilimia 10 haki hiyo inauzika kwa 7,500,000. Jumla 12,500,000, na jengo ni lile lile! Tena kila kipande kingeweza kuwekwa rehani peke yake.

Balaa lilikuwa kwa anayelipwa mwisho. Tuseme mwenye haki ya upangaji amekopa na analipa 500,000 kwa mwaka, hivyo anabaki na 250,000. Wapangaji wakipungua na mapato yakashuka kwa asilimia 20 tu, mwenye kiwanja bado anadai 250,000 zake, mkopeshaji bado anadai 500,000 zake. Yeye anaambulia 50,000.

Kampuni ya Zeckendorf, Webb & Knapp, iliendeshwa kwa madeni ya namna hiyo, mengi yakiwa ya riba kubwa, huku miradi yake ya kujenga upya mitaa mizima ikichukua miaka kabla ya kuingiza kodi. Freedomland, bustani ya burudani kule Bronx, nayo ikaleta hasara na kufungwa 1964. Mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Lakini tusimdhulumu: ndiye aliyekusanya viwanja kando ya East River ambavyo mwaka 1946 vilinunuliwa kwa fedha za tajiri Rockefeller, dola 8,500,000, vikawa makao ya Umoja wa Mataifa. Ndiye pia aliyemwajiri msanifu majengo I. M. Pei mwaka 1948, kabla dunia haijamjua.

Swali: William Levitt alijenga maelfu ya nyumba. Aliwezaje, na kwa nini utajiri wake ulipotea?

Jibu: Levittown, mji wake wa Long Island karibu na New York, ilianza 1947 kwenye mashamba ya viazi, na hadi 1951 ilikuwa na nyumba 17,447. Kiwandani bidhaa hupita mbele ya fundi. Hapa nyumba zilisimama na mafundi ndio waliohama. Kazi iligawanywa katika hatua takriban 27, kila kikundi kikijua jambo lake moja, na mbao zilifika zikiwa zimeshakatwa kwa kipimo. Hakukuwa na chumba cha chini ya ardhi. Zege ilimwagwa moja kwa moja juu ya ardhi, na ndani yake yakalazwa mabomba ya maji moto ya kupasha nyumba joto. Kasoro yake ni kwamba bomba likivuja, sakafu ndiyo ivunjwe.

Dhambi yake kubwa haikuwa ya ufundi. Mikataba ya mwanzo ilikataza nyumba hizo kukaliwa na watu wasio weupe, ilhali mji wenyewe ulisimama kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali kwa ajili ya askari waliotoka vitani, na Weusi walikuwa miongoni mwa askari hao.

Kuhusu utajiri: mwaka 1968 aliiuza kampuni yake kwa ITT, kampuni kubwa ya simu na biashara nyingine, kwa takriban dola milioni 92, sehemu kubwa ikiwa hisa za ITT, si taslimu. Mkataba ulimzuia kujenga Marekani kwa miaka 10. Akaziweka hisa hizo dhamana ya mikopo ya kujengea nchi za nje. Hisa zikaporomoka, madeni hayakupungua. Angepokea nusu tu taslimu, au asingeweka hisa rehani, habari ingekuwa nyingine.

Swali: James Rouse alinunuaje ekari 14,000 za kujengea mji mpya bila wenye mashamba kupandisha bei?

Jibu: Kwa siri. Kampuni zenye majina tofauti zilinunua shamba moja moja katika Howard County, Maryland, kati ya Baltimore na Washington, kwa wastani wa karibu dola 1,500 kwa ekari. Wenyeji walimjua mnunuzi Oktoba 1963, alipotangaza mwenyewe. Fedha zilitoka kampuni ya bima ya Connecticut General, iliyoingia kama mshirika na si mkopeshaji tu. Mji huo, Columbia, ulifunguliwa 1967, na tangu siku ya kwanza nyumba ziliuzwa kwa watu wa rangi zote.