Kabla ya namba: kwa unayeanza kutoa ushauri wa vinasaba kwa wenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia

Mteja akishakaa, usikimbilie asilimia. Muulize kwanza anaamini ugonjwa wake umetokana na nini. Wengi watajibu kwa kujilaumu: nilivuta bangi, nilikuwa mdhaifu. Mama aliyemsindikiza mwanawe atasema alimlea vibaya. Anza na lawama hiyo, kwa sababu mtu anayejiona mkosaji huumizwa na kila takwimu utakayomtajia.

Hapa mfano wa mtungi, uliosambazwa na Jehannine Austin wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, husaidia sana. Kila mtu huzaliwa na mtungi wenye kokoto za vinasaba, wengine nyingi, wengine chache. Bangi, msongo mzito wa maisha na matatizo ya wakati wa kuzaliwa huongeza kokoto nyingine. Mtungi ukifurika, ugonjwa hujitokeza. Kokoto za kuzaliwa nazo hazitoki, ila dawa, usingizi mzuri na watu wa karibu huongeza kimo cha mtungi. Mwache mteja auchore mwenyewe. Ndipo utakapojua ameelewa nini.

Akitaka namba, mpe. Karibu mtu 1 kati ya 100 hupata skizofrenia maishani. Kwa mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa, ni karibu 1 kati ya 10. Chora nukta 100 kwenye karatasi, paka rangi 10, halafu nyamaza. Wengi huja wakidhani ni nusu au zaidi, na utamwona mtu akishusha pumzi.

Kipimo cha kutabiri nani ataugua hakipo. Hata hivyo, ukichora mti wa ukoo uliza kuhusu kasoro za moyo za kuzaliwa, kaakaa lililopasuka, kalsiamu ndogo kwenye damu na ugumu wa kujifunza. Vikikutana, fikiria upungufu wa kipande cha kromosomu ya 22, mahali paitwapo 22q11.2. Huo unapimika, na karibu robo ya walio nao hupata skizofrenia.

Swali la "nizae au nisizae?" litakuja. Usiamue kwa niaba yake. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1933 iliruhusu watu wenye ugonjwa huu huu kufungwa uzazi kwa nguvu, eti kwa ajili ya urithi, na sisi tunaolitumia neno hilo kila siku hatuna ruhusa ya kusahau. Anayepanga mimba muunganishe mapema na daktari wake wa akili: asiache dawa ghafla, na kama anatumia dawa iitwayo valproeti ajue inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Siku ambayo sauti anazosikia yeye peke yake zinamsumbua, fupisha kikao, mwandikie mambo mawili matatu aende nayo, kisha mpange siku nyingine.