Supu ya nyanya siku ya kazi: maji yangoje zamu yake

Baridi ya mwezi wa sita imeshika Lubumbashi, na wengi mnaniuliza habari za supu ya nyanya. Wakati wake ni huu. Nyanya za kiangazi zimejaa sokoni, nzito na nyekundu, tofauti na zile za mvua za Januari zinazooza kabla hujafika nyumbani. Nimejibu maswali yanayowahusu wengi. Kukata kitunguu mnajua, sitaeleza.

SWALI: Mama, supu yangu inatoka chachu na majimaji, hata nikiweka vidonge viwili vya supu. Natoka kazini saa kumi na mbili jioni, sina muda wa kusimama jikoni. Nifanye nini? (Mama wa watoto wanne, Katuba)

JIBU: Mama wa Katuba, hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kila ninapomuuliza mpishi maji aliyaweka lini, jibu ni lilelile: mwanzoni, pamoja na nyanya. Supu inaharibikia hapo. Zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji. Ukimwaga mengine juu kabla haijatoa yake, utapata maji mekundu yenye uchachu, na hakuna kidonge kitakachoyaokoa.

Jumanne iliyopita nilipika nikiangalia saa. Kilo moja ya nyanya, vitunguu viwili, vijiko vitatu vya mafuta, punje mbili za kitunguu saumu, kijiko kidogo cha chumvi. Kitunguu kilikaa kwenye mafuta, moto mdogo, kilainike bila kuungua. Wakati huohuo nilikata kila nyanya katikati na kuisugua upande wa nyama kwenye chombo cha kukwangulia karoti. Nyama yote inashuka bakulini, ganda linabaki kiganjani kama kitambaa. Kilo nzima ni dakika tano, hakuna kuchemsha maji ya kumenyea. Nikamimina sufuriani, nikaongeza moto, nikaacha wazi bila kifuniko.

Sasa sikiliza sufuria. Mwanzoni inapiga kelele ya maji yanayochemka. Kama dakika kumi na mbili hivi baadaye sauti inakuwa nzito, mapovu yanapasuka makubwa na kurukia mkono. Pitisha mwiko chini: njia inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, na pembeni mafuta yamejitenga yakiwa mekundu. Rangi ile ya nyanya inayeyuka kwenye mafuta, na mwili nao unaipokea vizuri zaidi ikiwa imepikwa hivyo. Hapo ndipo maji yanapoingia, nusu lita, yakiwa ya moto tayari. Dakika tano tena, onja chumvi, pakua. Jumla nusu saa, watoto wanne wanashiba wakipata na mkate.

Uchachu ukibaki, weka bikabonati (soda ya kuokea) kidogo sana, robo ya kijiko kidogo kwa kilo. Itatoa povu, usishtuke. Ukizidisha, supu itanuka sabuni. Na vidonge, mama, viache dukani. Karibu nusu ya kidonge ni chumvi tupu, na nyumba nyingi za mji huu zina mtu wa presha. Ile ladha nzito unayoitafuta ndani yake, nyanya inayo yenyewe.

SWALI: Lazima nitoe mbegu? (Kampemba)

JIBU: Hapana. Ule ute unaozizunguka mbegu ndio wenye ladha nyingi kuliko sehemu nyingine ya nyanya, na ninyi mnautupa.

SWALI: Niongeze sukari? (Mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi)

JIBU: Hapana. Pika kitunguu taratibu.

SWALI: Tomati ya mkebe si ni nyanya ileile? Kwa nini unaipiga vita wakati inaokoa muda? (Baba mmoja, Ruashi)

JIBU: Papa, ni nyanya iliyopunguzwa maji, kama kweli ni nyanya. Geuza mkebe usome kabla ya kulipa. Ile nzito ya kawaida huandikwa 28–30%, yaani sehemu ya nyanya isiyo maji, na ndani yake hakuna zaidi ya nyanya na labda chumvi. Ukiona wameandika amidoni (wanga) au rangi, rudisha mahali ulipoitoa: umeuziwa uji uliopakwa wekundu. Mkebe uliovimba usiufungue hata kwa kuonja.

Mimi mwenyewe natumia kijiko kimoja wakati wa mvua, nyanya zinapokuwa hazina nguvu. Nakikaanga kwenye mafuta pamoja na kitunguu dakika mbili, hadi wekundu ugeuke kama tofali lililochomwa, ndipo nyanya zinaingia. Kijiko kimoja kwa kusaidia nakubali. Kukoroga mkebe mzima kwenye maji na kuwapa watoto kwa jina la supu ya nyanya, sikubali, na mtu asiniulize tena.

SWALI: Yaya, dada yangu, nilimwaga maziwa supu ikakatika vipandevipande. Aibu mbele ya wageni. (Kamalondo)

JIBU: Pole, mdogo wangu. Uchachu na moto mkali vikikutana na maziwa, lazima yagande. Siku nyingine shusha sufuria kwanza, weka ile bikabonati kidogo, kisha koroga maziwa ya unga kwenye maji ya vuguvugu. Chota upawa mmoja wa supu uchanganye ndani ya maziwa, ndipo urudishe yote sufuriani. Usichemshe tena.

Lakini kwa nini maziwa? Vijiko viwili vya karanga zilizosagwa vinaifanya supu iwe nzito na laini, havikatiki hata ukichemsha, na vinashibisha kuliko maziwa. Bibi zetu wanatia karanga kwenye mboga tangu zamani. Fanya hivyo, wageni wataomba tena.

SWALI: Mama, naishi chumba kimoja karibu na Kasapa, nina mbabula tu, jiko la makaa. Napika nje, halafu usiku naingiza mbabula ndani inipashe joto huku supu ikibaki ya moto. Je, supu haitaungua chini? Na nitaisaga vipi bila mashine? (Mwanafunzi)

JIBU: Mwanangu, supu tuiache kwanza. Toa hiyo mbabula nje leo. Makala (makaa) yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Unapata usingizi mzito, kichwa kinauma kidogo, na huamki. Makala yasiyotoa moshi nayo yanaua. Mekundu yaliyotulia ndiyo yanayowadanganya watu. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Kila msimu wa baridi nawaonya wasomaji, na kila msimu mtu ananiandikia kwamba analala na mbabula kama anavyolala na blanketi. Supu ipoe, utaipasha asubuhi. Jifunike blanketi mbili.

Kuhusu kusaga, mashine huihitaji. Ukikwangua nyanya kama nilivyomweleza mama wa Katuba, supu inatoka laini ya kutosha. Ukitaka zaidi, ponda kitunguu kwenye kinu kabla ya kukikaanga. Na wenye mashine wasikilize hapa: msijaze supu inayochemka na kufunga kifuniko. Mvuke unakirusha juu na uso ndio unaopokea. Iache ipoe kidogo, jaza nusu tu.

SWALI: Naweza kupika Jumapili ya wiki nzima? Umeme kwetu unaenda karibu kila usiku. (Lubumbashi, mtaa wa kati)

JIBU: Wiki nzima hapana. Pika msingi wake tu, nyanya na kitunguu hadi mafuta yajitenge, bila maji. Unachukua nafasi ndogo na jioni unaongeza maji ya moto tu. Frigo (jokofu) isiyozimika itautunza siku tatu hadi nne. Yako inazimika usiku, basi hesabu mbili, na kila unapotoa, chemsha kweli, usiishie kuupasha. Ukiona vipovu au harufu ya pombe, mwaga. Na supu isikae mezani zaidi ya saa mbili.

Hukuuliza, lakini utauhifadhi kwenye nini? Sufuria ya aluminiamu iliyolaza supu ya nyanya usiku utaiona asubuhi inang'aa ndani kama mpya, hadi pale supu ilipofika. Uchachu umekula aluminiamu na umo ndani ya chakula. Kibaya zaidi ni zile sufuria nzito zinazoyeyushwa kwa vyuma chakavu. Zinaweza kuwa na madini ya risasi, na risasi hiyo inaharibu ubongo wa mtoto. Vitu vichachu vipikie kwenye chuma kisichoshika kutu au sufuria ya enameli isiyobanduka, na uhifadhi kwenye chupa ya kioo.

SWALI: Nyanya mbichi ziingie frigo? (Kipushi)

JIBU: Zisiingie. Baridi inaua harufu yake na haziivi vizuri tena. Zipange juu ya meza, kikonyo chini.

SWALI: Nyanya zinazolimwa humu mjini, kando ya mto, ni salama? (Katuba)

JIBU: Swali zuri kuliko yote, na limekuja mara moja tu. Shaba imeyeyushwa mji huu tangu 1911, na udongo wa mitaa mingi umebeba shaba, kobalti, risasi na kadimiamu. Mboga za majani hufyonza zaidi kuliko matunda kama nyanya, kwa hiyo hofu yangu kubwa ni juu ya lenga-lenga (mchicha). Nyanya ioshe kwa maji yanayotiririka ukiisugua kwa vidole, vumbi litatoka. Kile ambacho mzizi umenyonya, hakuna maji yatakayokitoa. Muulize muuzaji shamba liko wapi. Akisema ng'ambo ya Kasumbalesa, upande wa Zambia, au vijijini mbali na viwanda, nunua. Akisita, nenda kwenye meza nyingine.

SWALI: Yaya, bwana yangu anasema supu ni ya wagonjwa, bila bukari (ugali) hajala. Nimechoka kupika mara mbili jioni moja. (Kampemba)

JIBU: Usipike mara mbili. Msingi wako ukishajitenga na mafuta, ugawe. Nusu moja weka maji, hiyo ni supu ya watoto. Nusu nyingine usiiguse kwa maji kabisa: osha ndakala kavu (dagaa) kwa maji ya moto, zikaange kidogo peke yake hadi zikauke, kisha zitumbukize humo na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, dakika nane. Wakati huo bukari unasonga kwenye moto wa pili. Chumvi ionje mwishoni, kwa sababu ndakala huja na yake.