Saa za mfukoni za dhahabu: fungua kwanza, lipa baadaye

Nimeonyeshwa saa ya mfukoni yenye kronografu (mshale wa kupima muda, unaoanzishwa na kusimamishwa kwa kitufe), imegongwa 18K, yaani dhahabu ya karati 18. Nilipe bei ya dhahabu? (Sakina, Arusha)

Alama hiyo iko kwenye mfuniko upi? Nyuma huwa kuna mifuniko miwili, na wa ndani, unaokinga mashine, mara nyingi ni shaba tu. Kagua kila mmoja kwa lenzi. Kwa saa za Uswisi za kati ya 1880 na 1933, muhuri wa kichwa cha mwanamke ni karati 18, wa kindi ni karati 14. Ukisoma "Guaranteed 20 Years", hilo ni ganda la dhahabu juu ya shaba hata kama karati zimetajwa. Chungulia kwenye bawaba na kingo, huko ndiko ganda huisha kwanza. Na sonara asipime saa nzima: mashine ni shaba na chuma. Fundi saa aitoe, kasha lipimwe peke yake.

Mshale wa kronografu haurudi kwenye 12. (Moshi)

Ukibonyeza mara ya tatu (ya kwanza huanzisha, ya pili husimamisha), nyundo ndogo hukandamiza kipande chenye umbo la moyo, ubunifu wa fundi saa Adolphe Nicole wa mwaka 1844, nacho huzunguka hadi mshale ufike mwanzo. Sasa tazama mshale unaposimama wapi. Ukiwa palepale kila mara, tuseme sekunde ya 3, umeteleza kwenye mhimili wake. Fundi huuchomoa na kuupachika upya, kazi fupi. Mshale ukisimama huku mara hii na kule mara nyingine, tatizo liko ndani: mafuta yameganda, springi imechoka au skrubu imelegea. Acha kubonyeza, utavunja jino. Na saa yenyewe ikisimama kila kronografu inapoanza, usimlaumu fundi wa mwisho haraka. Kwa kawaida mashine ni chafu na nguvu haitoshi kuendesha vyote viwili.

Mishale miwili ya sekunde iliyolaliana ni ya nini? (Ngaramtoni)

Ni ratrapanti: mmoja husimamishwa usomwe, mwingine ukiendelea. Ghali kutengeneza. Jaribu mara tano kabla ya kutaja bei.

Niing'arishe kwa sonara? (Arusha)

Hapana. Nakshi na mihuri hufutika, na wanunuzi hutafuta hiyo mihuri. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Vumbi la kiangazi je? (Moshi)

Mfuko wa kitambaa ndani ya kopo la kubana, pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu kitokacho kwenye boksi la viatu. Mbali na spika: sumaku huifanya ikimbie dakika kadhaa kwa siku.