Polisi wa kukodi anapokea amri ya nani?

Swali: Asalaam aleikum Afande. Mimi ni karani katika godauni la mchele na sukari hapa Shimanzi, Mombasa. Tulivunjiwa mwezi jana, na tangu siku hiyo tajiri wetu amechukua polisi wawili wenye bunduki wakae getini, mbali na masoja wa kampuni tulionao. Juzi dereva wa lori alileta sukari, kuhesabu tukakuta magunia 14 hayapo. Tajiri akawaambia polisi wamfungie dereva ofisi ya mizani mpaka mwenye lori alipe. Polisi mmoja alisita, mwenzake akamsukuma ndani. Ufunguo nikapewa mimi. Alikaa humo tangu saa nne asubuhi hadi adhana ya magharibi. Polisi hawa wana mamlaka gani, na wanamsikiliza nani? Na mimi je, niko salama?

Jibu: Waalaikum salaam mwanangu. Huyo aliyesita alikumbuka alichofundishwa Kiganjo, chuo cha polisi. Mwenzake alikuwa ameshanogewa na mahamri na mbaazi za tajiri.

Polisi kukodishwa ni jambo la halali. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinamruhusu Inspekta Jenerali kutoa maafisa kwa mtu binafsi anayewaomba, kwa ada. Ndio hao mnaowaona nyuma ya magari ya pesa za benki, au wamekaa kiti cha plastiki mlangoni mwa duka la dhahabu. Basi tajiri wako akiwa ameandika barua, akakubaliwa na akalipa serikalini akapewa risiti, hana kosa kuwa nao. Ikiwa amemalizana na askari mkononi, bila barua wala risiti, hilo ni soko jengine kabisa, na siku mambo yakiharibika kituo kitasema hakiwajui.

Tajiri amelipia polisi kuwepo getini kwake. Hakulipia mamlaka yao, kwa sababu hayauzwi. Polisi anayelinda godauni ana nguvu zile zile za polisi anayepiga doria Mwembe Tayari, na mipaka ile ile. Kamanda wake ni OCS, yaani mkuu wa kituo alikotoka, na juu yake kuna ngazi mpaka kwa Inspekta Jenerali. Tajiri anaweza kusema "naomba msimame geti hili, ndilo lililovunjwa". Kusema "mkamate yule" hawezi. Katiba, ibara ya 245(4), inakataza mtu yeyote kumpa Inspekta Jenerali maagizo juu ya kuchunguza kosa fulani au kumtekelezea sheria mtu fulani. Hata waziri. Sembuse mwenye sukari wa Shimanzi!

Nilipokuwa sajini nilipangwa kulinda harusi moja kubwa. Usiku katikati mwenye harusi akanijia na kunishika kiwiko: mtoe shemeji yangu, anikera. Nikamuuliza, amepiga mtu? La. Ametukana? La, lakini mimi ndiye niliyekulipia. Nikamwambia, bwana, ukiona mgeni amekaa mahali hutaki akae, mwambie wewe mwenye nyumba. Akikataa kutoka akaleta fujo, hapo ndipo kazi yangu inaanza. Alinuna mpaka asubuhi, na sinia la pilau halikunifikia.

Sasa dereva wako. Magunia 14 kupungua yaweza kuwa wizi, na yaweza kuwa makosa ya hesabu huko yalikopakiwa. Polisi akiwa na sababu ya maana ya kushuku wizi, kifungu cha 29 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa nguvu ya kukamata bila waranti. Yaani kumkamata huyo dereva kungewezekana kuwa sawa. Lakini aliyekamatwa anaambiwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, anapelekwa kituoni, Makupa au penginepo palipo karibu, jina linaingia OB, kitabu cha matukio cha kituo, anaruhusiwa kuzungumza na wakili, na anafikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi. Hiyo ni ibara ya 49 ya Katiba. Ofisi ya mizani si seli.

Na kilichomwumbua tajiri ni maneno yake mwenyewe: "mpaka mwenye lori alipe". Hapo si wizi tena, ni deni, tena deni la mtu mwengine ambalo dereva amewekwa rehani kwalo. Polisi hakusanyi madeni, awe wa kukodi au wa bure. Kwa magunia 14 tajiri ana njia nyepesi: mahakama ya madai madogo hupokea dai lisilozidi shilingi milioni 1. Aende na hati ya mzigo na karatasi ya mizani.

Masoja wenu ni kitu chengine. Wao wako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016. Wanaweza kuuliza kitambulisho getini, na wanaweza kumshika mtu kwa kosa lililotendeka hapo wanapolinda, kisha wamkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumweka stoo "ahojiwe" hapana.

Watu hudhani pia kuwa bunduki ya polisi aliyelipiwa inalinda sukari. Jedwali la Sita la ile sheria ya 2011 linataka silaha itumike pale tu njia nyengine zimeshindwa, baada ya kujitambulisha na kuonya inapowezekana, na linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu isiyo halali. Ikiwa amri ya mkubwa wa kazi haimwokoi, ya tajiri itamsaidia nini? Na wasipekue wafanyakazi wa kike getini. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha.

Nikurudie wewe uliyeshika ufunguo. Kumfungia mtu bila haki ni kosa chini ya kifungu cha 263 cha Sheria ya Adhabu, na "nilitumwa" ni utetezi mwembamba. Dereva akitaka, anaweza kuwashtaki polisi kwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ofisi wanayo Mombasa, na akafungua kesi ya fidia ambayo haitamwacha tajiri nje, kwa kuwa ndiye aliyesababisha. Wakati huo karani huitwa ama kama shahidi ama kama mshtakiwa. Kwa hiyo leo hii, kabla hujasahau, andika saa alizoingia na kutoka, nani alisema nini, na namba za vifuani mwa wale polisi wawili. Weka nakala nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Kisha ufunguo mrudishie tajiri mbele ya mtu.