Nimeletewa notisi ya nyumba, je nihame?

SWALI: Habari za kazi mshauri. Nina mkopo wa nyumba, miaka sita nalipa vizuri tu ila kipato kikapungua nimeruka marejesho ya miezi minne. Juzi benki wameleta notisi, nimeitupia kabatini sijaisoma yote maana naogopa. Sasa kuna jamaa anasema nimsainie hati, atalipa deni mi nibaki kama mpangaji mpaka nijipange. Nimkubalie au nihame mapema kabla ya aibu?
Baba wa watatu

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Huyo jamaa usimsainie chochote. Hati ikishahama jina nyumba si yako tena, ila benki ilimkopesha nani? Wewe. Asipolipa unakuta nyumba huna na deni unalo.

Na usihame, ukihama deni halihami na wewe unaanza kulipa kodi kwingine. Katoe hiyo barua usome tarehe, deni wanalodai na siku ulizopewa. Notisi sio amri ya kutoka. Kenya kwa mfano, Sheria ya Ardhi ya 2012 inakupa siku 90 za kurekebisha, zikiisha benki haiuzi kesho yake, inatakiwa ikupe notisi nyingine ya siku 40. Marekani kwa kawaida hawaanzi hata mchakato mpaka malimbikizo yapite siku 120. Kwa hiyo cheki sheria ya hapo ulipo, na kama notisi haikufuata utaratibu au hesabu imekosewa hapo ndipo wakili anaweza kuomba zuio mahakamani, yaani amri ya kusimamisha nyumba isiuzwe kwanza. Ila zuio linakupa pumzi tu, halifuti deni, na hakimu hakuonei huruma kwa sababu una watoto, nasema hivi kwa sababu watu wengi hupeleka machozi badala ya karatasi.

Kabla ya huko nenda benki mwenyewe. Andika barua, ambatanisha ushahidi wa kipato chako cha sasa, sema unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi (kiasi cha kweli, sio cha kujikosha), omba warefushe muda wa mkopo au malimbikizo wayasogeze mwishoni. Riba kwa jumla itaongezeka, hilo lijue. Wakikubali kwa mdomo bado hujapata kitu, dai maandishi, na kopi ya kila barua ibaki kwako.

Ukiona hata hicho kidogo hutaweza, uza mwenyewe mapema, benki ikijua. Najua inauma. Lakini piga hesabu, tuseme nyumba thamani yake ni 100 na deni ni 60, ukiuza mwenyewe 90 unaondoka na 30, mnadani ikienda 68 halafu ada ya dalali na mawakili zikatwe humohumo, unabaki na nini? Na kama deni limezidi thamani ya nyumba, usiuze mpaka benki iandike kwamba salio imelisamehe.

SWALI: Nyumba yetu ishauzwa mnadani kwa bei ya kutupa na benki wako kimya. Kuna chetu hapo?
Mama K

JIBU: Kinaweza kuwepo mama. Pesa ya mnada inalipa gharama, deni, na wadai wengine walioandikishwa kwenye hiyo nyumba kama wapo, kinachobaki ni chenu, sio zawadi ya benki. Waandikieni mkidai mchanganuo wa mauzo. Kuhusu bei, Kenya nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kuchukulia benki haikutafuta bei nzuri, na ni juu yake kujitetea, kwa hiyo tafuteni ripoti ya mthamini haraka. Ila jiandaeni pia, pesa ikiwa haikutosha sehemu nyingi benki inaweza kuwadai tofauti, msipuuze barua zao.