Mwanangu akiniona hujificha nyuma ya bibi yake

Shangazi,

Mimi ni mvuvi wa Micheweni, Pemba. Mimi huenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, na nikirudi hukaa siku chache tu. Mwanangu ana miaka miwili na miezi minne, na kila akiniona hukimbilia kwenye kanga za bibi yake. Juzi nilifika saa tatu usiku, nikataka kumlisha mwenyewe. Akatema wali, akajitupa chini akigaragara. Nikamchapa kofi. Mama yangu akamwambia, "Si nilikwambia baba yako akija utakiona?" Nataka mwanangu anipende. Nifanyeje?

Baba wa Micheweni

Mwanangu,

Rudia kusoma maneno ya mama yako. Wewe ukiwa baharini, bakora ya nyumba hiyo ni jina lako. Mtoto hataki kula: ngoja baba yako! Kamwaga maji: baba yako akija! Yeye hajui dago wala bamvua. Anachojua ni kwamba kuna mtu atakuja, na mtu huyo hupiga. Nawe ukaja, ukapiga.

Simlaumu mama yako. Sote tumelelewa kwa zimwi, na kwa daktari mwenye sindano (ndiyo maana watoto wetu huanza kulia tangu mlangoni mwa kituo cha afya). Lakini zungumza naye wewe mwanawe, asitumwe mkwe. Mkae faraghani baada ya Isha, umwambie: "Mama, nakuomba usimtishie mjukuu wako kwa jina langu. Natamani nikija anikimbilie." Ishia hapo, usimhesabie makosa.

Tuje kwenye kofi. Saa tatu usiku mtoto wa umri huo alitakiwa awe usingizini zamani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wewe ulimlisha mtoto aliyechoka, kwa mkono asiouzoea. Tena baada ya mwaka wa kwanza mwili hukua polepole zaidi, na hamu ya chakula hupungua. Kutema wali si kukudharau. Mwekee chakula, kiasi gani ale mwachie mwenyewe.

Na akijitupa chini? Ondoa vitu vya kumuumiza, kaa chini karibu naye, sema maneno machache tu: "Umekasirika. Nipo hapa." Kisha nyamaza. Hotuba haimwingii wakati ule. Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kuizuia hasira huchelewa sana kukomaa, hata kupita miaka ishirini, sasa wa miaka miwili ataitoa wapi?

Ukirudi safari ijayo, usimvamie kwa kumbeba, wala usimnunue kwa biskuti. Kaa barazani ushone nyavu zako, umwache aje mwenyewe kuchungulia. Mpe kipande cha kamba achezee. Ndoana, tafadhali, ziweke juu kabisa. Akishazoea, chukua kazi moja iwe yako kila uwapo nyumbani, kama kumwogesha asubuhi. Siku ya kuondoka usitoroke alfajiri akiwa amelala. Muage, hata kama atalia. Na ukiwa dago, mtandao ukiwapo, piga simu kabla hajalala. Asipojibu, wewe zungumza naye tu, mwambie umevua samaki gani.

Huenda akajificha tena, na tena. Usimlazimishe kukupa mkono mbele za watu.

Jambo moja limenishangaza: katika barua nzima hukumtaja mkeo hata mara moja. Kabla hujaanza lolote katika haya, muulize mtoto akilia yeye humtuliza vipi.

Shangazi